Klachi katika asubuhi za kipupwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye magari ya manyuo Unguja na Pemba

Kila mwaka, tangu upepo wa kusi unaposhika mwezi wa Juni mpaka Agosti inapomalizika, wenye magari ya manyuo, yaani yale ya kubadilisha gia kwa mkono, huja na malalamiko yanayofanana: alfajiri gia zinagoma, rivasi inakwaruza, gari linatetemeka linapoondoka, na ikifika saa nne yote yametulia kana kwamba hapakuwa na lolote. Wengi wao huambiwa palepale kwamba klachi imekwisha na giaboksi ishushwe. Wapo ambao klachi zao kweli zimekwisha. Wapo pia, na si wachache, ambao klachi zao ni nzima na kilichokuwa kikidaiwa ni oili, waya, mpira wa masta (silinda inayosukuma oili ya klachi) au zulia la miguuni tu. Majibu yaliyomo humu yamekusudiwa kumsaidia mwenye gari kutenganisha mambo hayo kabla hajatoa fedha.

Baridi ya Zanzibar inaweza kweli kuidhuru klachi? Huku si Ulaya.

Baridi yenyewe haiiharibu. Alfajiri ya Julai hapa kwetu joto hushuka hadi kwenye digrii 20 au 22, na hicho ni kiwango ambacho mtu wa nchi ya theluji angekiita kiangazi. Huko kwao oili ya giaboksi huwa nzito mpaka mkono wa gia ukashindwa kusogea, na hilo huku hatulijui. Kinachotokea kwetu ni kwamba oili inakuwa nzito kidogo kuliko mchana, mipira ya masta iliyochakaa inakakamaa kidogo na kuanza kupitisha oili pembeni, na juu ya yote hayo unyevu wa usiku unatua kwenye chuma. Gari lililolala nje Wete au Kizimkazi huamka limelowa umande kama lililooshwa, na umande wa mahali palipo karibu na bahari si maji matupu, una chumvi. Kwa hiyo mtu anaposema "baridi imeshika klachi", mara nyingi kilichoshika ni unyevu, au ni uchakavu wa siku nyingi ambao baridi imeufichua tu.

Zingatia pia kwamba kipupwe huja mara baada ya masika. Gari linaingia mwezi wa Juni likiwa limekwishapita kwenye madimbwi ya miezi mitatu, na maji hayo hayakosi pa kujificha.

Kuna tofauti gani kati ya klachi "haikati" na klachi "haishiki"?

Hii ndiyo tofauti ya kwanza kuijua, kwa sababu matibabu yake hayafanani hata kidogo. Klachi pleti hukaa katikati ya flaiwili, ile sahani nzito inayozunguka pamoja na injini, na presha pleti. Usipokanyaga pedeli, presha pleti huibana pleti hiyo kwenye flaiwili, na nguvu za injini hupita kwenda kwenye giaboksi. Ukikanyaga, beringi ya rilizi husukuma springi za presha pleti, mbano hulegea, na injini huzunguka peke yake.

Klachi isiyokata ni ile ambayo umeikanyaga mpaka chini lakini pleti haijaachana kabisa na flaiwili, kwa hiyo gia zinakuwa ngumu na rivasi inalia. Klachi isiyoshika ni ile ambayo umeiachia kabisa lakini pleti inateleza. Injini inapiga kelele na gari haliendi. Matatizo ya asubuhi ya kipupwe mengi ni ya kutokata, na ya kutoshika mengi hujitokeza mchana gari likiwa na moto na mzigo. Ukimweleza fundi ni lipi kati ya hayo mawili, umemwondolea nusu ya kazi ya kubahatisha.

Asubuhi gia zinagoma kuingia. Nitajuaje kama ni klachi au ni giaboksi?

Jaribio lake halihitaji hata spana. Kabla ya kuwasha gari, alfajiri, likiwa bado la baridi, kanyaga klachi na upitishe gia zote moja baada ya nyingine, pamoja na rivasi. Kisha weka frii, washa injini, kanyaga klachi mpaka chini, na urudie zoezi lilelile.

Gia zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa na zikagoma injini inapowaka, klachi haikati. Zikiwa ngumu katika hali zote mbili, klachi haihusiki, na wa kutazamwa ni mkono wa gia, nyaya au vijiti vinavyouunganisha na giaboksi, na oili iliyomo ndani yake. Katika magari yetu yanayolala nje, viungio vya mkono wa gia huingia kutu na mchanga na kukauka grisi, na asubuhi huwa vigumu kuliko mchana. Kazi ya nusu saa ya kusafisha na kupaka grisi imewahi kuokoa giaboksi iliyokuwa imeshapangiwa kushushwa.

Kuna jaribio la pili la kuthibitisha. Gari likiwa mahali tambarare pasipo mtu mbele, injini ikiwa imewaka na breki ya mkono imeachiwa, kanyaga klachi mpaka chini, tia gia ya kwanza na usubiri. Gari likijivuta mbele, hata kwa polepole, wakati mguu wako bado uko chini, klachi haikati na hakuna haja ya kubishana.

Na kabla ya yote hayo, inama utazame chini ya pedeli. Zulia nene la miguuni lililojikunja, au mazulia mawili yaliyowekwa moja juu ya jingine kwa sababu ya tope la masika, huzuia pedeli isifike mwisho. Sentimita moja au mbili za mwendo wa pedeli zinatosha kuifanya klachi nzima ionekane mbovu. Jambo hili linachekesha mpaka likupate mwenyewe.

Ni rivasi peke yake inayokwaruza, tena asubuhi tu. Kwa nini?

Injini ya baridi huzunguka kwa kasi zaidi kuliko injini iliyopata moto. Mzunguko wa chini, ule ambao mafundi huuita sailensa, unaweza kuwa 1,200 hadi 1,500 kwa dakika wakati wa kuwasha alfajiri, na ukashuka hadi 700 au 800 injini inapopata joto. Magari mengi hayana sinkro kwenye gia ya rivasi, yaani hayana zile pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaumana. Ukikanyaga klachi na kutia rivasi papo hapo, shafti ya ndani ya giaboksi bado inazunguka kwa mwendo iliokuwa nao, na meno yanagongana.

Washa gari, subiri sailensa ishuke kidogo, kanyaga klachi mpaka chini na uhesabu mpaka tatu au nne, kisha tia rivasi. Njia nyingine ni kutia kwanza gia ya mbele ili kusimamisha shafti, halafu kuingia rivasi bila kuachia klachi. Mlio ukitoweka, gari lako ni zima. Ukiendelea hata baada ya kusubiri sekunde tano, rudi kwenye jaribio la swali lililotangulia.

Gia ya pili hukataa kwa kilomita mbili za mwanzo, kisha inalainika. Je, hiyo ni klachi?

Mara chache sana. Klachi isiyokata husumbua gia zote na husumbua zaidi gari likiwa limesimama. Gia moja inayokataa gari likiwa kwenye mwendo, kisha ikalainika, inaelekeza kwenye sinkro na oili.

Oili ya giaboksi hubadilika uzito kwa kiasi ambacho wengi hawakifikirii. Oili ya kawaida ya 80W-90 ikiwa kwenye digrii 40 huwa nzito takriban mara kumi kuliko ikiwa kwenye digrii 100, na kwenye digrii 21 za alfajiri ya Julai huwa nzito zaidi ya hapo. Sinkro ni lazima zipenye kwenye utando wa oili hiyo ili zishike, na zikiwa zimechakaa huchelewa. Shida huwa kubwa zaidi kwa gari lililotiwa oili nzito ya 140 ili kuzima kelele za giaboksi iliyochoka. Kelele kweli hupungua, na asubuhi gia hugoma. Umelipa deni kwa kukopa pengine.

Jambo jingine ni daraja la oili. Giaboksi nyingi zenye sinkro za shaba hutaka oili ya GL-4, ilhali ile ya GL-5, ambayo imejaa madukani kwa ajili ya difu (gia za kwenye ekseli), ina dawa zinazoweza kuila shaba na ina utelezi unaozizuia sinkro zisishike vizuri. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Magari yaliyoletwa kutoka Japani huja na vitabu vya Kijapani, lakini namba za daraja la oili huandikwa kwa tarakimu zilezile, kwa hiyo hata asiyejua lugha hiyo anaweza kuzitambua.

Nikipampu pedeli mara mbili tatu gia inaingia. Hii ina maana gani?

Ina maana kubwa, na ni habari njema kwa mfuko wako, kwa sababu inaelekeza nje ya giaboksi. Gari lako linatumia klachi ya oili: pedeli husukuma masta ya juu, masta ya juu hutuma oili kwenye bomba, na masta ya chini iliyo ubavuni mwa giaboksi husukuma uma wa klachi, nao huisukuma beringi ya rilizi. Ukipampu na hali ikabadilika, ndani ya mfumo huo kuna upepo, au mpira wa masta mojawapo unapitisha oili.

Anza na kikopo cha oili chini ya boneti. Ikiwa imeshuka, imekwenda mahali, kwa sababu mfumo huu hauli oili kama injini mbovu inavyokula. Pitisha kidole pale fimbo ya pedeli inapoingia kwenye masta ya juu, upande wa miguuni kwa dereva. Pakiwa na unyevu wa mafuta, mpira wa juu umekwisha. Kisha lala chini ya gari na ufunue ukingo wa ile buti ya mpira iliyo kwenye masta ya chini. Ikidondosha oili, umepata. Katika baadhi ya magari masta ya chini iko ndani ya giaboksi pamoja na beringi, na hapo hutaona kitu isipokuwa oili inayopungua na tone linalotokea pale injini inapokutana na giaboksi.

Oili inaweza isipungue hata kidogo na klachi bado isikate. Mpira wa masta ya juu unapochakaa, oili hurudi nyuma yake bila kumwagika nje. Dalili yake ni pedeli inayozama taratibu ukiishikilia chini kwenye taa za barabarani au kwenye msongamano wa Darajani, na gari kuanza kujivuta wakati hujaachia kitu. Asubuhi hali huwa mbaya zaidi kwa sababu mpira uliozeeka hukakamaa kwa baridi na hauujazi vizuri mwili wa silinda. Ukipata joto hulainika na kuziba.

Oili inayotumika hapo ni ya breki, ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyoeleza. Oili hii huvuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya visiwani imejaa unyevu mwaka mzima. DOT 4 mpya huchemka kuanzia digrii 230, lakini ikishanyonya maji kiwango cha chini kinachotarajiwa hushuka hadi digrii 155, na pamoja na hayo huleta kutu ndani ya silinda ambayo hukwangua mipira mipya uliyotia jana. Oili iliyokuwa ya rangi ya asali ikigeuka kahawia au nyeusi, imwagwe yote na mfumo utolewe upepo. Kwa mazingira yetu, kuibadilisha kila baada ya miaka miwili si anasa.

Usitie kitu kingine chochote. Oili ya injini huivimbisha mipira na kuiharibu yote, juu na chini, kwa siku chache. Maji ya sabuni, ambayo madereva wa zamani wa magari ya shamba walikuwa wakiyatia ili wafike nyumbani, yalikuwa yakiwafikisha kweli, kisha yakiwaachia silinda zilizooza.

Gari langu ni dogo la mizigo na halina kikopo cha oili ya klachi. Nifanyeje?

Basi linatumia waya. Gari nyingi ndogo za mizigo, zile tunazoziita kirikuu, ziko hivyo. Waya wa klachi hupita ndani ya ganda, na maji ya chumvi huingia kwenye ganda hilo kupitia mwisho wa chini ambako mpira wake umepasuka. Ukiona pedeli imekuwa nzito hasa asubuhi, inarudi kwa kusitasita, au inatoa mlio wa kukwaruza kama kamba ya ndoo kisimani, waya umeingia kutu au nyuzi zake zimeanza kukatika moja moja. Usingoje ukatike, kwa kuwa hautachagua pa kukatikia.

Waya pia hurekebishwa. Bonyeza pedeli kwa kidole tu: ni lazima kuwe na mwendo mtupu kabla hujahisi uzito, na katika magari mengi mwendo huo ni milimita 10 hadi 25. Ukizidi, klachi haitakata. Ukikosekana kabisa, beringi ya rilizi inagusa springi muda wote na pleti inaweza kuanza kuteleza. Waya mpya huongezeka urefu kidogo mwanzoni, hivyo rekebisho la pili baada ya wiki chache ni jambo la kawaida na si kosa la fundi.

Gari linatetemeka nikiondoka asubuhi, baadaye linaacha.

Likitetemeka mara tatu au nne za mwanzo kisha likaacha, ni utando mwembamba wa kutu uliojengeka usiku kwenye uso wa flaiwili na presha pleti. Pleti yenyewe huusugua ukaisha. Hali hii ni ya kawaida kwetu kuanzia masika mpaka mvua za mchoo, na dawa yake ni kuondoka kwa utulivu bila kukanyaga mafuta mengi.

Likiendelea kutetemeka siku nzima, hapo kuna jambo. Tazama mipira ya injini kwanza, maana injini inayoyumba kwenye vishikizo vyake hutetemesha gari vilevile na mtu akalaumu klachi. Mpe mtu akae ndani, breki ya mkono ikiwa imevutwa vizuri, aachie klachi taratibu mpaka ianze kushika huku wewe ukitazama injini kutoka ubavuni na si mbele ya gari. Ikiinuka kama mtu anayetaka kusimama, mpira umekatika. Mipira ikiwa mizima, kinachobaki ni oili iliyodondokea pleti kutoka sili (mpira wa kuzuia oili isivuje) ya nyuma ya injini au sili ya mbele ya giaboksi, au flaiwili iliyoungua na kuwa na madoa ya bluu. Hayo hayaonekani mpaka giaboksi ishuke.

Nitapimaje kama klachi inateleza?

Ukiwa kwenye barabara iliyonyooka na tupu, kwa mfano katika vipande virefu vya njia ya kwenda Paje alfajiri, nenda kilomita 40 au 50 kwa saa ukiwa gia ya nne, kisha kanyaga mafuta kwa ghafla mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukipanda ghafla huku ule wa mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza. Vikipanda pamoja kwa uvivu, klachi ni nzima na gari limekosa nguvu kwa sababu nyingine.

Gari lililosimama hupimwa hivi: breki ya mkono juu, mguu wa kulia kwenye breki, gia ya tatu, kisha achia klachi taratibu. Injini inapaswa kuzimika mara moja. Ikiendelea kuzunguka pedeli ikiwa imeachiwa yote, pleti imekwisha au ina oili. Fanya mara moja na isirudiwe, kwa sababu kila jaribio linaiunguza pleti ambayo tayari ni mgonjwa.

Harufu nayo ni shahidi. Pleti inayoungua hunuka kama karatasi na mpira vilivyochomwa pamoja, na harufu hiyo hubaki ndani ya gari hata ukifungua madirisha.

Gari lililala miezi mitano nilipokuwa safarini. Sasa klachi haikati kabisa, na pedeli ni laini kama kawaida.

Pleti imegandana na flaiwili kwa kutu. Hilo hutokea sana kwa magari yaliyoachwa chini ya miti au karibu na pwani, hasa kama yaliegeshwa yakiwa bado na maji ya mvua ndani. Fundi mzoefu huiachanisha bila kushusha kitu: huipasha moto injini ikiwa frii, huizima, hutia gia ya pili, hukanyaga klachi mpaka chini na kuwasha, gari likaondoka lenyewe, kisha hukanyaga na kuachia mafuta kwa mapigo mafupi huku akigusa breki mpaka pleti ibanduke. Sharti ni uwanja mpana usio na watoto wala ukuta. Usiijaribu kazi hii kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe, na usiijaribu peke yako kama hujawahi kuiona ikifanywa.

Ikibanduka, gari litatetemeka siku mbili tatu. Wakati mwingine kutu huondoka na kipande cha laini ya pleti, yaani ule uso wake wa msuguano, na hapo hapana budi kuibadilisha.

Nasikia mlio. Ni beringi ya rilizi?

Mlio ukitokea unapokanyaga pedeli na kutoweka ukiiachia, ni beringi ya rilizi. Ukitokea gari likiwa frii pedeli ikiwa imeachiwa na ukatoweka unapoikanyaga, ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Watu huyachanganya haya mawili na kununua kisichohitajika.

Nimepita kwenye maji mengi na sasa klachi inateleza.

Maji yameingia kwenye kava ya flaiwili. Ondoka na kusimama taratibu mara kadhaa ili msuguano uikaushe, na usiliegeshe gari hapohapo kwa siku nyingi likiwa na maji ndani. Ikiwa maji yalikuwa ya bahari, kama yanavyowapata wanaoteremsha gari ufukweni kupakia samaki au kuvuta boti, osha chini kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, siku hiyohiyo, na uangalie oili ya giaboksi: ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingiwa na maji na imwagwe kabla gari halijaenda popote.

Fundi ameliendesha na kusema haoni tatizo. Mimi asubuhi naliona kila siku.

Nyote wawili mnasema kweli. Gari limetoka nyumbani alfajiri, limefika gereji saa tatu likiwa na moto, na dalili imekwishaondoka. Fundi hawezi kutibu asichokiona, na fundi asiye na subira atachagua kubahatisha kwa fedha zako.

Dawa ni kulilaza gari gereji. Lipeleke jioni, liache nje kama linavyolala kwako, na mkubaliane kwamba hatalisogeza asubuhi mpaka uwepo. Likiwashwa, mpe yeye usukani na wewe simama pembeni. Ikiwa hilo haliwezekani, piga video alfajiri ikionesha mguu kwenye pedeli, mkono wa gia na mlio wenyewe, na uandike mambo manne kwenye karatasi: saa, kama kulikuwa na mvua usiku, gari lilisogezwa lini mara ya mwisho, na tatizo lilikoma baada ya kilomita ngapi. Karatasi hiyo ndogo ina thamani kuliko maelezo ya "klachi inasumbua sumbua".

Fundi anayeamua kushusha giaboksi kabla ya kutazama kikopo cha oili, waya na mwendo wa pedeli, muombe kwa adabu atazame hivyo kwanza. Akikasirika, una jibu lako.

Imethibitika klachi imekwisha. Ninunue nini, na nijihadhari na nini?

Gharama kubwa katika kazi hii ni kushusha na kupandisha giaboksi, na gharama hiyo huilipa mara moja kama utabadilisha vyote vinavyohusika kwa pamoja: klachi pleti, presha pleti na beringi ya rilizi. Kutia pleti mpya juu ya presha pleti iliyochoka ni kurudi kulekule baada ya miezi. Giaboksi ikiwa chini, sili ya nyuma ya injini na sili ya mbele ya giaboksi zikaguliwe, na yenye dalili ya kuvuja ibadilishwe. Bei yake ni ndogo, na ikiachwa huja kuilowesha pleti mpya. Sehemu uma wa klachi unapoegemea isafishwe na kupakwa grisi kidogo ya kustahimili joto, na meno ya shafti yapakwe kiasi cha kufuta kwa kitambaa tu, kwa sababu grisi inayozidi huruka mpaka kwenye laini.

Spea nyingi huvuka kutoka Dar es Salaam, na kwa aliyeko Pemba huvuka mara mbili. Kuletewa isiyo sahihi ni hasara ya siku kadhaa gari likiwa juu ya mawe. Toa namba ya chasisi, si jina la gari peke yake, kwani gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na injini mbili tofauti. Ukiweza, subiri ya zamani itoke kisha ulinganishe: kipenyo cha pleti, ambacho katika magari madogo huwa kati ya milimita 180 na 225 hivi, na idadi ya meno ya katikati. Pleti yenye jino moja la ziada haitaingia hata ukiipigia nyundo.

Ya mtumba sitaipendekeza kwa pleti wala beringi. Kazi iliyobaki ndani yake haipimiki kwa macho, ilhali kazi ya kuishusha giaboksi inalipwa ileile. Baada ya kufungwa klachi mpya, endesha kwa upole kwa kilomita 500 za mwanzo, bila mzigo mzito, ili nyuso zizoeane.

Naishi Pemba na njia yetu ni vilima vitupu. Je, klachi yangu itakwisha mapema?

Itakwisha mapema ukilizuia gari kwenye mteremko kwa kuishikilia klachi nusu badala ya breki. Tumia breki ya mkono: vuta, tia gia ya kwanza, achia klachi mpaka uhisi gari linataka kunyanyuka, ndipo uachie breki. Kwa gari lililopakia magunia ya karafuu, zoezi hilo moja lina faida kuliko aina yoyote ya pleti ya bei ghali. Mguu wa kushoto nao usipumzike juu ya pedeli.

Klachi haikati vizuri, na kesho natakiwa kuvuka na gari kwenda Mkoani, Pemba. Nivuke nalo?

Ikiwa sababu ni upepo kwenye masta, mwite fundi leo autoe. Kazi hiyo haimalizi saa moja, na ujaribu tena alfajiri kabla ya kutoka. Ikiwa inateleza, usivuke. Kupakia na kupakua meli ni kwenda mbele na nyuma kwa hatua ndogo, juu ya daraja lenye mteremko, nyuma na mbele yako pana magari ya watu, na hapo ndipo pleti inayokaribia kwisha huungua kabisa na kukuacha umeziba njia. Tuma mzigo kwa gari jingine, na lako lilale gereji.